Divai ya Melania

Xiaobei, Guangzhou
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada yangu Melania,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla hujaendelea kusoma, mpe Goodness kiti na maji ya kunywa, maana ametoka mbali, na barua hii ameibeba kwenye mkoba wa mkononi kwa kuwa nilimwomba asiitie kwenye mizigo. Je, kile kikohozi kimekuachia? Kila nikikuuliza kwenye simu unanijibu kwamba ni vumbi tu, na mimi sikuamini hata siku moja, kwa kuwa mwezi wa nne huko kwetu hakuna vumbi. Masika imenyesha vizuri? Mfereji wa juu umezibuliwa? Na yule ng'ombe mwenye doa usoni, amezaa salama? Mimi huku ni mzima, nakula na nalala. Leo nimetoka misa ya alasiri kwenye lile kanisa kuu la mawe, nikakuombea wewe na nikamwombea Baba, kisha nikarudi chumbani nikakaa kuandika. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezichana.

Utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Sababu ni kwamba kwenye simu mimi hudanganya kirahisi. Nikisikia sauti yako naanza kusema yale unayotaka kuyasikia, au yale yatakayofanya mazungumzo yaishe haraka, na nikikata simu ndipo nakumbuka nilichotaka kusema. Kwenye karatasi angalau nikiandika uongo nauona pale pale ukinitazama.

Habari za kazi ni zile zile. Asubuhi napanda metro kwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, nawapeleka wateja kutoka nyumbani kwa wenye maduka, nawatafsiria, tunachagua, kisha nafuatilia majora mpaka yafungwe na kupelekwa kwenye kontena. Mteja wangu mkubwa mwaka huu ni dada mmoja wa Zanzibar, anaitwa Kauthar, ananunua vitambaa vya madera. Ni mtu wa maneno machache na macho makali. Nitamtaja tena, kwa hiyo mkumbuke.

Sasa nianze na chupa zako.

Goodness alifika tarehe kumi na tano mwezi uliopita, akanitafuta hapa Barabara ya Huanshi, kwenye mgahawa tunakokula Watanzania. Akatoa kwenye begi zile chupa mbili ulizozifunga kwa kanga, na hakuna hata moja iliyovuja. Aliniambia ulimwelekeza namna ya kuzilaza, na kwamba ulimsindikiza mpaka barabara kuu ukimkumbusha tena. Akanipa na ujumbe wako: kwamba hii ndiyo divai ya kwanza uliyoitengeneza peke yako tangu Baba afariki, zabibu za Februari ya mwaka jana, na kwamba Baba mdogo Pius anataka jibu kuhusu kukata mizabibu, kwa kuwa ameshaagiza miche ya parachichi na itafika mwezi wa sita. Ulisema nikikwambia kwamba ni divai ya Baba, utamkatalia. Nikikwambia siyo, utamwacha afanye anavyotaka.

Niliichukua chupa moja nikaenda nayo chumbani mchana ule ule. Nilifunga dirisha ili moshi wa chakula cha barabarani usinivuruge. Nikamimina kwenye kikombe cha chai, nikaitazama. Rangi ilikuwa ile ile, nyekundu inayokaribia kuwa nyeusi, inayoacha alama kwenye kikombe. Nikainusa. Nikainywa. Nikasubiri.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako wa simu. Nilikupigia nikakwambia kwamba siyo yenyewe. Nilikwambia imekufa, kwamba ina ukali na ukakasi na zaidi ya hapo hakuna kitu ndani yake. Nakumbuka nilitumia sauti ya Baba, ile ya kumaliza maneno. Kisha ukasema, "Sawa, Theo. Wewe ndiye mwenye ulimi." Ukaniuliza kama nimekula, ukaniaga.

Wiki moja baadaye ulinipigia kuhusu ada ya jumuiya, na katikati ya maneno ukasema, kama mtu anayetaja kwamba mvua imenyesha, kwamba Baba mdogo alikuja na vijana wake wakakata mstari wa kwanza, ule wa kando ya mfereji. Mizabibu kumi na mmoja. Ile aliyoipanda Babu kwa mikono yake, kwa vipande alivyovitoa kwenye mizabibu ya mlimani ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi, na ambayo wale mabwana shamba waliokuja zamani walisema hawajaiona kwingine. Nilikusikia ukisema hivyo, na nikajibu "Aa, sawa." Dada, sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nimekaa na neno hilo wiki tatu na bado sijui.

Nataka kukueleza sasa mambo ambayo hayako sawa kichwani mwangu, na nakuomba unisamehe kama yatakuja bila mpangilio.

Tarehe ishirini na tisa Kauthar alinipa kazi ya kukagua majora themanini kwenye ghala moja pale Zhongda, kwa kuwa yeye alikuwa na mizunguko mingine. Nikayapitia moja moja, nikaangalia rangi, nikapima upana, nikavuta kingo, nikamwambia mwenye duka afunge. Jioni Kauthar akapita kuangalia kabla hayajapakiwa. Alisimama mlangoni tu, hata hajaingia, akafunika pua na mtandio. Akaniuliza kama nimeyakagua kweli. Nikasema ndiyo. Akafungua jora moja, akalisogeza kwangu. Akasema, "Kaka Theo, haya yameloa na yakaoza. Yananuka uvundo mpaka nje. Wewe husikii harufu?"

Nilisema nina mafua. Akanitazama, akaenda kugombana na yule laoban, maana ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, mpaka majora yakabadilishwa.

Sikuwa na mafua. Melania, sisikii harufu. Ni mwaka wa tatu sasa. Mwishoni mwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili niliugua homa kama watu wengi wa hapa, nikalala siku tisa, na nilipoamka chai ilikuwa maji ya moto. Nilidhani ni ya siku mbili tatu. Daktari aliniambia huenda itarudi, huenda isirudi. Nikila najua kwamba hiki kina chumvi, hiki kina sukari, hiki kinachoma, basi. Na jambo linalonichanganya zaidi ni kwamba siku nyingine nasikia harufu ambazo hazipo. Nipo kwenye metro nasikia mpira unaungua, nageuka nawaangalia watu, wote wametulia. Kahawa siku moja haina kitu, siku ya pili inanuka kama betri ya tochi iliyovuja. Kwa hiyo hata ile siku niliyokunywa divai yako sikuwa na hakika ya lolote. Kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyokuwa imejiaminisha kwamba divai ya nyumbani itapita, kwamba vyote vingine vimefungiwa mlango lakini hiyo itaingia. Haikuingia. Nikakasirika, na kwa kuwa sikuweza kuikasirikia pua yangu nikaikasirikia divai. Unaona lakini kwamba hata hapo sisemi ukweli wote, kwa sababu nilipokuwa nakupigia nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba divai ndiyo mbovu. Inawezekana mtu kujua jambo na kutolijua kwa wakati mmoja? Mimi nadhani ndivyo nilivyokuwa.

Baada ya lile la majora nilipatwa na hofu. Nikaanza kutafuta ulimi wa kuazima. Nilimwonjesha Goodness kutoka ile chupa niliyokwisha kuifungua, akanywa akakunja uso, akasema ni kali, inakausha mdomo, lakini divai ya mzee wenu siku zote ilikuwa kali, ndiyo maana kwenye harusi watu waliichanganya na soda akiwa hatazami. Sikujua kama amesifu au amelaumu. Nilimuuliza, naye akasema hata yeye hajui, yeye ni mtu wa mbege ya ndizi.

Basi tarehe tatu nikaenda Pazhou, kwenye yale maonyesho makubwa ya biashara, ukumbi wa vyakula na vinywaji. Nilikuwa na chupa hiyo hiyo, imebaki nusu. Nikamkuta mama mmoja, Bi Liang, anauza divai za nchi za nje pamoja na mwanamume niliyedhani ni mumewe. Nikawaomba waonje. Mwanamume alinusa tu, akaweka bilauri chini, akasema imeharibika, ina moshi. Bi Liang alikaa nayo mdomoni muda mrefu. Akasema moshi huo si uharibifu, ni wa ardhi yenyewe, akaniuliza kama zabibu zimeota kwenye mlima wa volkano. Nikasema ndiyo. Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa Kikantoni, mimi nimesimama katikati kama mtu anayesubiri hukumu ya kesi kwa lugha asiyoijua. Mwisho Bi Liang akaniuliza nani ameitengeneza.

Nikasema ni baba yangu.

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe. Wewe uliyezichuma zabibu, wewe uliyezikanyaga kwa miguu yako kwenye lile hori la mti wa mringaringa, uliyelisukuma chini ganda la zabibu linaloelea juu asubuhi na jioni siku kumi na nne, uliyeziba pipa kwa udongo na majani ya mgomba, ukakaa nalo mwaka mzima, na mimi nikasema ni baba yangu. Nilirudi Xiaobei nikiwa na majibu mawili yaliyopingana na aibu ambayo sikujua niiweke wapi.

Alhamisi iliyopita nikaenda kwa Kauthar. Nilikwenda kumwomba radhi kwa ajili ya majora, nikajikuta nimemwambia yote, homa, pua, wewe, mizabibu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikamwambia nimebaki na chupa moja ambayo haijafunguliwa, na kwamba najua yeye ni Mwislamu na siwezi kumwomba anywe. Nyumbani kwao Unguja, akaniambia, bibi yake alikuwa akichanganya udi na marashi ya harusi, na yeye tangu mdogo alikuwa akifunikwa macho aambiwe ataje kilichomo. Kisha akasema, "Mie sinywi, na mkononi siishiki. Wewe ifungue, uiweke pale dirishani. Nitanusa, basi, na Mungu anaijua nia yangu."

Nikafungua. Akainama kidogo, mikono ameiweka nyuma. Akafumba macho. Ndipo akaanza kutaja, polepole, kama anasoma. Akasema kuna moshi, lakini wa jana, uliokwisha poa kwenye ukuta wa jiko. Akasema kuna zambarau zilizoiva mpaka zikaanguka zenyewe. Akanusa tena. Akasema chini kabisa kuna kitu asichokijua jina, ni kama jiwe lililokuwa na maji, maji yakaondoka.

Dada, Kauthar hajawahi kuiona Kilimanjaro. Hajui mfereji ni nini. Na maneno yale niliyajua, nimeyajua miaka mingi. Ni yako. Jiwe la mfereji maji yakikatwa. Ulikuwa ukiyasema peke yako asubuhi ukisukuma ganda kwenye hori, ukiwa umenipa mgongo, na mimi nimekaa pale mlangoni nikijifanya nasoma.

Nimefika kwenye jambo ambalo nimelizunguka karatasi nne.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akiniita jioni, wageni wakiwapo, ananipa kata, ananiuliza, "Inasemaje?" Na mimi nasema, bado ina ubichi wa jani la mgomba lililopondwa, au sasa zambarau zimetokea, au jiwe limekuja, tuitoe kwenye ganda. Na Baba anawageukia wageni na kusema huyu ana ulimi wa babu yake, huyu ndiye atakayebaki na kihamba, nyumba na shamba la ukoo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Melania, sikuwa nasikia vitu hivyo. Pua yangu ilikuwa nzima wakati huo, lakini nilichosikia mimi kilikuwa divai tu, kitu kikali chenye harufu ya divai. Yale maneno nilikuwa nimeyaokota kwako asubuhi. Kila mwaka. Nilidhani siku moja nitaanza kusikia mwenyewe na hapo haitakuwa uongo tena. Siku hiyo haikufika, Baba akazidi kunisifu, na nikaona aibu kurudi nyuma.

Na mwaka ule ulipokwenda Himo kumuuguza Shangazi, mwaka elfu mbili na tisa, hukuwapo asubuhi. Baba akaniita kama kawaida. Nikaonja, sikuwa na neno la kusema. Nikasema "bado", kwa sababu bado ni neno lisilo na hatari, au ndivyo nilivyodhani. Kesho yake nikasema bado. Siku sita nikasema bado, na hori likakaa wazi na ganda lake juani na nzi, ndipo divai ikatiwa pipani. Uliporudi ilikuwa siki. Pipa zima la Pasaka. Baba akasema wewe hukuliosha pipa vizuri kabla ya kuondoka. Alisema mbele ya watu waliokuja kwa kipaimara cha binamu zetu, akasema mwanamke asiyejua kuosha chombo asiguse divai, na wewe ukasimama pale na trei ya vikombe. Nami nilikuwa nimekaa karibu naye. Uliniangalia mara moja. Sijui kama ulikuwa unajua. Nimejiuliza swali hilo tangu mwaka ule, na ni mojawapo ya sababu zilizonileta kutafuta maisha mbali hivi, ingawa watu niliwaambia ni biashara.

Pipa lilikuwa safi, Dada. Nilikuona ukilisugua kwa mchanga.

Kwa hiyo uliponiletea chupa nikwambie kama ni divai ya Baba, ulimuuliza mtu ambaye hajawahi kujua. Na divai ya Baba iliwahi kutoka horini lini bila wewe kusema kwamba iko tayari? Yeye aliamini anamsikiliza mwanawe. Najaribu kuelewa maana yake ni nini na nashindwa kufika mwisho. Labda haikuwa divai ya Baba hata mwaka mmoja. Labda Baba naye alijua, akanyamaza, kwa kuwa kwetu kihamba huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho na alihitaji sababu ya kuwaambia watu. Sijui. Siwezi kumuuliza tena. Nikifikiria hivyo namkasirikia, nikifikiria vingine namhurumia, na kabla sijamaliza kufikiria nashuka kituo kisicho changu.

Jambo moja nimelifanya bila kuchanganyikiwa. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, nimeiandika kwa mkono na kuisaini mbele ya Goodness na ya mwenyekiti wa Watanzania wa hapa. Ni ya Baba mdogo na ya mwenyekiti wa kijiji. Inasema kwamba sehemu yote ya mizabibu, pamoja na banda, hori na mapipa, ni yako kuamua, na kwamba mimi niliyeachiwa kihamba nimekupa kwa hiari yangu, na mtu yeyote asiweke panga pale bila neno lako. Baba mdogo atakasirika. Mpe namba yangu anigombeze mimi. Uliniambia wamekata, hukuniambia kama wameng'oa. Kama visiki bado viko ardhini, usiruhusu vijana wavifikie, maana mzabibu huchipua tena. Lakini kama umechoka, na mikono inauma, na unayataka hayo maparachichi, yapande, nami sitasema kitu. Ninachokuomba ni kwamba ukikata ukate kwa mdomo wako wewe, usikate kwa wangu.

Kama divai ni nzuri au mbaya, sijui, na sasa nakuandikia hivyo bila kuogopa. Onja mwenyewe. Jioni, mbele ya wageni, kaa kwenye kiti cha Baba.

Sikuombi unijibu upesi. Ukikaa kimya mpaka Noeli nitaelewa. Lakini ikitokea siku umetuma chupa nyingine, tafadhali andika kwenye karatasi inavyonukia, yote, kama ulivyokuwa ukisema pale horini, niisome taratibu huku nikinywa divai.

Wasalimie wanakwaya wenzako, na majirani wote wa ng'ambo ya mfereji. Kaburi la Baba liwekee maua kwa niaba yangu, lile la Mama pia. Goodness nimempa dawa ya kikohozi, ina maelezo ya Kichina lakini nimeandika kwa kalamu pembeni: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Meza hata kama ni vumbi tu.

Ni mimi mdogo wako,
Theophil